Kambale Hasamehe Uvivu

Kijana mwenzangu, usiseme huna maji ya kutosha kufuga samaki. Yupo samaki wa maji haba: kambale. Juu ya matamvua yake ana kiungo kilichochanua kama koliflawa, na kwa hicho huvuta hewa ya juu. Mtazame bwawani: anapanda, anabugia hewa, anazama tena. Kwa hiyo anaishi kwenye tope ambamo sato angeelea tumbo juu. Bwawa la turubai nyuma ya nyumba linamtosha.

Lakini shika hili: kambale husamehe maji, hasamehe uvivu. Vifaranga wake hawakui sawasawa. Baada ya wiki chache utamkuta mmoja amewapita wenzake maradufu, na ukimwacha atawameza mmoja mmoja. Mfugaji huhesabu, huona pengo, hudhani kaibiwa. Kumbe mwizi yumo humo humo bwawani, ananenepa! Basi chambua. Watoe wakubwa, uwaweke peke yao, na urudie kazi hiyo mara kwa mara. Walishe kwa saa zilezile, maana njaa huzidisha ulafi. Zungushia wavu, kwa kuwa usiku wa mvua kambale hutambaa nchi kavu akaenda zake.

Ukiyamudu hayo, panda ngazi nyingine: utotoleshaji. Kambale hatagi ovyo bwawani kama sato. Porini hungoja mvua na mafuriko. Kwa mfugaji, jike huchomwa sindano ya homoni, mayai hukamuliwa, huchanganywa na mbegu za dume, na katika maji yenye joto la nyuzi 28 hivi huanguliwa kwa muda wa siku moja. Ni ufundi, na ufundi hufundishika. Vifaranga nao wana wanunuzi wawili: wafugaji, na wavuvi wa sangara Ziwa Victoria wanaowatumia kama chambo.

Ndugu yangu, usingoje mtaji mnene. Mwone afisa uvuvi wa eneo lako, ulizia soko na bei ya chakula kabla ya kushika jembe, kisha anza na bwawa moja. Akilishwa vizuri, kambale hufikia uzito wa sokoni kwa miezi sita hadi tisa. Miezi hiyo itapita tu, uwe umefuga au umekaa. Chimba!