Lenzi Ndogo na Ukweli wa Picha
Lenzi ya simu hubanwa katika unene usiofika sentimita 1. Humo hupangwa vipande kama 5 hadi 7 vya plastiki, kila kimoja kikipunguza kosa la kupinda mwanga lililoachwa na kingine. Makosa hayaishi: kingo za picha hupinda na kufifia, na programu huzinyoosha kabla picha haijaonekana. Je, picha hiyo ni shahidi wa kweli?

Mwaka 1861 msafiri James Grant alifika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika, akachora kwa mkono alichokiona; kila aliyetazama alijua jicho la mchoraji limepita hapo. Picha ya simu iliyopigwa leo katika eneo hilohilo, Kayanga au Nkwenda, hupokewa kana kwamba haikupita mikononi mwa yeyote. Lakini mwanazuoni Ibn al-Haytham, aliyefariki takriban 1040, alieleza kuwa hata jicho haliwezi kutambua kitu pasipo hukumu ya akili.

Basi kusahihisha si uongo: nguzo iliyonyooshwa na programu inafanana zaidi na nguzo yenyewe. Uongo huanza programu inapobuni ambacho mwanga haukukileta. Na hata picha isiyobuni kitu hutegemea mahali ilipopigwa: anayeleta barazani picha ya mpaka wa shamba la migomba aulizwe kwanza aliipiga akiwa amesimama wapi.