Mkimaliza Gemu, Msizime Sauti

Wajukuu zangu wa Birongo, nimewasikia mkisema muziki wa gemu za zamani ni kelele za mbu. Anayesema hivyo ameusikia kwa spika ya simu, mbio mbio, huku anakimbizwa na adui. Kwa hali hiyo hata kwaya ya kanisa ingekuwa kelele. Ombi langu ni dogo: siku moja ketini muusikilize muziki huo bila kucheza.

Mimi ni mtu wa kwaya, na mwanakwaya hufunzwa mapema kuifuata sauti moja peke yake, aiache, kisha aifuate nyingine. Ufanyieni hivyo wimbo wa Super Mario Bros., alioutunga Koji Kondo mwaka 1985. Mashine ya Nintendo iliyouimba, ile iliyotoka Japani mwaka 1983 kwa jina la Famicom, ilikuwa na njia tano tu za sauti. Mbili huimba. Moja ni besi. Ya nne hutoa mvumo usio na noti, na mvumo huo ndio ngoma. Ya tano hucheza vipande vifupi vilivyorekodiwa. Tena ukubwa wa sauti ya ile besi haupandishwi wala haushushwi. Inalia au imenyamaza, basi.

Sasa angalieni watu walivyofanya kazi ndani ya ufinyu huo. Mtunzi akihitaji noti tatu kwa pamoja na sauti zimemwishia, alizipiga moja moja kwa kasi hadi sikio likadhani zimelia pamoja. Akitaka mwangwi, aliipa sauti ya pili wimbo uleule, ikichelewa kidogo na kwa unyonge. Wazee wetu hapa Gusii walipiga obokano kwa nyuzi nane, mtu mmoja akiimba na kupiga, na ile ngurumo ya chini ikajaza boma zima. Sijasikia mtu akimhurumia mpiga obokano kwa kukosa uzi wa tisa.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi, nalo ni majina. Mashine nyingi zilizotufikia vijijini hazikuwa za Nintendo. Zilikuwa nakala za bei nafuu kutoka Asia, kaseti moja ikijigamba kuwa na maelfu ya gemu, na ukizipitia unakuta ni zilezile zimerudiwa. Sizilaumu, maana bila hizo wengi wetu tusingeujua muziki huu kabisa. Lakini walionakili mara nyingi walilifuta jina la kampuni kwenye skrini ya kwanza, na mtunzi naye akaenda na maji. Hata kwenye kaseti halali mambo hayakuwa mazuri sana. Muziki wa Castlevania ya mwaka 1986 una mkono wa Kinuyo Yamashita, binti aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa na Konami. Mwishoni mwa gemu ameandikwa James Banana, mzaha juu ya James Bernard, mtunzi wa muziki wa filamu za Dracula za Uingereza. Jina hilo lingependwa Keumbu kwenye soko la ndizi, ila aliyecheza gemu hakupata kujua ametumbuizwa na nani. Na hakuwa mwanamke pekee: Manami Matsumae alitunga muziki wa Mega Man mwaka 1987, na sehemu kubwa ya muziki wa Street Fighter II, mwaka 1991, ni ya Yoko Shimomura. Wasichana mnaoambiwa kompyuta ni za kaka zenu, hayo mnaweza kuwajibu.

Msiishie kwa zile zinazojulikana na kila mtu. Tafuteni Silver Surfer ya mwaka 1990, gemu yenye kuudhi, ukiguswa mara moja umekufa, lakini ndugu wawili Waingereza, Tim na Geoff Follin, waliitungia muziki ambao mtu huicheza kwa ajili yake tu. Tafuteni Journey to Silius ya Sunsoft msikie ile njia ya tano ikigeuzwa kuwa besi nzito. Na Gimmick! ya mwaka 1992, ambayo kaseti yake ilibeba chipu ya ziada ili Masashi Kageyama apate sauti zaidi. Ilitoka wakati macho ya wengi yameshahamia kwenye mashine mpya. Bando lisiwe kisingizio. Faili ya muziki wa gemu hizi hubeba maagizo ya kuipigisha chipu, haibebi wimbo mzima uliorekodiwa, kwa hiyo huwa ndogo kuliko picha mnazotumiana kwenye WhatsApp. Na programu nyingi za kuzichezea hukuruhusu kuzima njia moja moja ubaki na ile unayoichunguza.

Wala msidhani mambo haya yako mbali na lugha yetu. Gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005 hufunguka kwa sala ya Bwana kwa Kiswahili, wimbo wa Christopher Tin uitwao Baba Yetu, maneno yakiwa yamepangwa na Chris Kiagiri. Mwaka 2011 ulipata Grammy, wimbo wa kwanza uliotungiwa gemu kufika huko. Kwaya zetu huisali sala hiyo kila Jumapili. Na ule wa Tetris ya Game Boy, mnaoupigia mluzi, ni Korobeiniki, wimbo wa jadi wa Warusi wa karne ya 19, uliopangwa kwa mashine hiyo na Hirokazu Tanaka mwaka 1989. Warusi wa kale hawakujua kwamba wimbo wao utaimbwa na betri nne.

Basi mwendeeni mzee mmoja anayepiga obokano, mwombeni ruhusa, mrekodi wimbo wake, kisha mjaribu kuuandika kwa FamiTracker. Programu hiyo ni ya bure na inakubali kompyuta kuukuu. Anzeni na ile njia ya besi. Mtakwama kwenye ngurumo, kwa sababu besi ile haina ukali, na itabidi muuchanganye mvumo wa nne kidogo kidogo hadi mzee atikise kichwa kukubali. Mkihifadhi kazi, programu ina nafasi ya jina la wimbo na nafasi ya jina la mtunzi. Kwenye ya pili andikeni jina la mzee kwanza, kamili, la baba yake likiwemo, kisha yenu.