Jina Ulilolitaja Jioni

Sala ya jioni nyumbani inabana kuliko misa ya Jumapili. Kanisani unaweza kuwaombea maskini wote wa dunia, ukarudi zako, na hakuna atakayekuuliza kitu. Nyumbani kuna watoto, na watoto hawasahau.

Mimi ni mzaliwa wa Walikale, mashariki mwa Kongo, nimeolewa Masisi. Marehemu baba alikuwa katekista. Kila jioni, rozari ikiisha, kila mmoja wetu alipaswa kumtaja mtu mmoja wa nje ya nyumba pamoja na shida yake. Baba hakukubali useme "wagonjwa wote" au "wenye shida wote". Alitaka jina. Asubuhi, tukiwa bado tunanawa uso, aliuliza: "Yule wako wa jana, leo unampelekea nini?" Tulikuwa na vidogo tu: mzigo wa kuni, ndoo ya maji, nusu chupa ya mawese, siku moja ya jembe katika shamba la mjane.

Desturi hiyo nimeihamishia kwangu. Februari 2025, kambi za wakimbizi kando ya Goma zilipovunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao, jirani yetu mmoja alirudi kutoka kambi ya Bulengo akakuta nyumba yake haina mlango wala bati. Binti yangu alimwombea. Kesho yake nikamkuta amepiga magoti kando ya kapu la maharagi ya mbegu, anachambua, ametoa yaliyotobolewa na wadudu na kutenga vikombe viwili vya yale mazuri. "Mama, jana tulisema hana mbegu." Mimi maharagi yale nilikuwa nimeshayapigia hesabu ya shamba letu. Lakini ningemkatalia vipi bila kumfundisha kwamba jana tulikuwa tunaongea tu?

Kuna wanaonilaumu. Katika shirika letu la kanisa mama mmoja aliniambia kwamba sala ni ya kumsifu Mungu, na mimi nimeigeuza orodha ya kazi. Neno lake lina uzito, kwa sababu mtu akikimbilia kazi bila kutulia mbele za Mungu, mwisho huwahudumia watu kwa hasira. Ndiyo maana rozari inatangulia na majina yanafuata. Ila Mtakatifu Vinsenti wa Paulo aliwafundisha masista wake kwamba, maskini akibisha hodi wakati wa sala, wamwendee bila wasiwasi, kwani huko nako Mungu yupo. Na Yohane Krisostomo, katika karne ya 4, aliwahimiza Wakristo waifanye nyumba kuwa kanisa, kisha akawakemea wanaoipamba altare kwa hariri huku Kristo yuko nje, uchi, anapigwa na baridi. La kwanza tunapenda kulirudia kwenye mafundisho ya ndoa. La pili tunaliruka.

Lakini lawama iliyo nzito kuliko ya mama yule nimeipata katika historia yetu wenyewe. Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, huko Walikale, yakapanda hadi Masisi. Jirani alimgeukia jirani, Wahutu huku, Wahunde na Wanyanga kule, na waliokufa wakahesabiwa kwa maelfu. Baba alikuwa akisema kwamba waliobeba mapanga hawakutoka katika nyumba zisizojua rozari. Walisali, ila kila nyumba ilitaja majina ya watu wake tu.

Tangu hapo akaongeza sharti: mara moja kwa juma, jina liwe la mtu wa kabila lingine. Jioni ya kwanza kaka yangu mkubwa alinyamaza. Baba hakumkaripia, ila hakufanya ishara ya msalaba ya kumalizia, na sote tukabaki magotini juu ya mkeka mpaka magoti yakauma. Mwishowe kaka akamtaja fundi cherehani Mhutu aliyekuwa akitushonea sare za shule. Hakuna aliyejua kama bado yu hai.

Namfikiria pia Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyetangazwa Mwenyeheri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Aliuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26, kwa kukataa rushwa ya kupitisha vyakula vilivyoharibika mpakani. Walaji wa vyakula vile hakuwajua hata mmoja. Aliowajua ni watoto wa mitaani, aliokuwa akiwahudumia pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio. Nadhani kuwajua hao kwa majina ndiko kulikomzoeza kuwaona wale asiowajua.

Siku hizi binti yangu humtaja kijana mmoja, mtoto wa jirani, aliyeingia msituni na kushika bunduki. Kwake hatuna cha kupeleka asubuhi, na sijui kama tungempelekea tungerudi salama. Shemeji yangu anaona tumwache, amejichagulia. Mimi nimekataa jina lake lisifutwe. Mtoto aliyezoea kulitaja jina hilo magotini, siku akiambiwa kwamba mwenye jina si mtu, hatakubali upesi.