Treni Imeanguka, Nani Alikuwamo?

Wadi ya Airport, kule Changamwe, imezungukwa na safari za watu wengine. Ndege hupita juu ya mapaa zikishuka Moi International, malori ya makontena hujipanga kuelekea Kipevu, reli ya zamani inakatiza Changamwe, na ile mpya ya SGR inateremka kutoka Miritini kwenda Port Reitz. Ndiyo maana habari ya ajali ya treni, hata iwe imetokea Naivasha, haipokelewi huko Magongo kama habari ya mbali. Karibu kila ploti ina mtu aliye safarini au mtu anayesubiriwa. Swali la kwanza linaloulizwa barazani si wangapi wamekufa. Huulizwa: nani alikuwamo?

Vyombo vya habari vya Kenya vimechukua miaka mingi kujibu maswali mengine yote isipokuwa hilo.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 30 Januari 1993, treni ya abiria iliyoondoka Nairobi jioni kuja Mombasa ilifika mto Ngai Ndethya, eneo la Darajani, si mbali na Mtito Andei, na kukuta daraja limechukuliwa na mafuriko. Injini na mabehewa ya mbele yakatumbukia majini. Abiria wengi walikuwa wamelala. Jamaa zao Mombasa waliamka asubuhi hiyo wakijua kwamba treni ingeingia stesheni baada ya chai, kama kawaida yake.

Wakati huo redio za FM za kibinafsi zilikuwa hazijazaliwa. Kulikuwa na KBC, redio ya serikali. KTN ilikuwa televisheni changa ya miaka 3 hivi. Na nchi ilikuwa imetoka tu kwenye uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992, kwa hiyo kurasa za mbele zilikuwa na mengi ya kubeba. Aliyekuwa na mtu kwenye treni alisubiri taarifa ya habari, au alipanda matatu mwenyewe hadi stesheni akaulize. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikishwa majina kwa ajili ya vitanda vyao. Wa daraja la tatu alikuwa na tiketi mkononi tu, na tiketi haisemi jina la mtu. Maskini alipotea mara mbili, mtoni na kwenye karatasi.

Matokeo yake yanaonekana hadi leo. Zipo kumbukumbu zinazotaja waliokufa kuwa 114, na nyingine zinataja zaidi ya 140. Tofauti hiyo ni watu zaidi ya 20, yaani matanga zaidi ya 20. Machi 1999 treni nyingine ya kuja Mombasa iliacha reli huko Tsavo na kuua watu 32. Safari hiyo kulikuwa na watalii miongoni mwa abiria, na ajali ikaandikwa hadi ng'ambo. Tanzania nayo, tarehe 24 Juni 2002, treni yenye abiria zaidi ya 1,000 ilishindwa na mlima karibu na Igandu, mkoani Dodoma, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Walikufa 281. Miili ambayo haikutambuliwa ilizikwa pamoja Maili Mbili, Dodoma mjini, na ndugu zao wengine huenda wanasubiri hadi leo.

Sasa simu imeingia, na watu husema tatizo limekwisha kwa sababu habari zinafika kwa dakika. Zinafika, ni kweli, ila zinazofika kwanza ni picha. Behewa limepinduka, kiatu kiko kwenye kokoto, mtu amelala kifudifudi. Kundi la WhatsApp la familia linapata hiyo picha kabla ya afisa yeyote wa reli kufungua mdomo, na mama anakaa jikoni akiikuza picha kwa vidole kutafuta shati analolijua.

Uongo nao hauchelewi. Juni 2023, treni tatu zilipogongana Balasore, India, na kuua karibu watu 300, watu walisambaza picha ya jengo jeupe kando ya reli wakidai ni msikiti, wakaanza kulaumu Waislamu. Jengo lenyewe lilikuwa hekalu la Wahindu, na polisi wa jimbo la Odisha wakalazimika kutoa onyo hadharani. Uchunguzi ulikuja kuonyesha hitilafu ya ishara za reli. Siku hizohizo vijana wa Odisha walikuwa wamepiga foleni hospitalini kutoa damu, na foleni ile haikuvuta macho kama picha ya hekalu.

Hata hivyo waandishi wapewe haki yao, hasa na watu wa Mombasa. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka feri ya MV Harambee pale Likoni, mama na bintiye wakiwa ndani. Video ya gari likizama ilizunguka nchi nzima, na wengi waliona karaha kuitazama. Lakini kamera zilibaki ufukweni siku zote za msako, msemaji wa serikali Cyrus Oguna akawa anasimama mbele ya kamera hizo kueleza wapiga mbizi wamefika wapi, mpaka gari lilipotolewa tarehe 11 Oktoba. Ni vigumu kuamini kwamba msako ungeendelea kwa nguvu ile bila macho yale. Wazee wa Mtongwe, wanaokumbuka Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994 na watu 272 waliozama na feri mita chache kutoka ufukweni, wanajua tofauti ya msiba unaotazamwa na msiba unaoachwa.

Shida ya kutazamwa ni kwamba macho huchoka upesi. Agosti 2025 basi la wafanyakazi wa Kenya Pipeline liligongana na treni kwenye kivuko cha reli Naivasha. Kabla nchi haijauliza vizuri nani hulinda vivuko hivyo, kesho yake basi la waombolezaji likapinduka Kisumu na kuua watu zaidi ya 20. Kamera zikahama. Hakuna mhariri wa kulaumiwa kwa kuhama. Wa kulaumiwa ni yule asiyerudi.

Jambo moja limebadilika tangu 1993, na halizungumzwi vya kutosha. Anayekata tiketi ya treni ya SGR, Madaraka Express, leo huandikisha nambari ya kitambulisho. Shirika la Reli lina jina, behewa na kiti. Ajali ikitokea, Mungu aepushe, mtu wa Magongo hana sababu ya kutafuta shati kwenye picha. Nambari moja ya simu, inayosomwa redioni kila nusu saa, ingetosha kumjibu. Kanuni za maadili ya uandishi wa habari zinamtaka mwandishi awaendee wafiwa kwa staha, na kule hospitalini ajitambulishe na kuomba ruhusa. Mwenye simu ya kawaida hafungwi na kanuni hizo, na yeye ndiye sasa hufika wa kwanza.

Wagiriki wameonyesha namna ya kurudi. Treni ya abiria na ya mizigo ziligongana Tempi tarehe 28 Februari 2023 zikaua watu 57, wengi wao wanafunzi. Wazazi walikataa habari ife na wiki yake. Miaka 2 baadaye, siku ileile, mamia ya maelfu walijaa mitaani Athens na miji mingine, siku moja tu baada ya ripoti ya wachunguzi kusema kwamba pamoja na makosa ya binadamu, reli yenyewe ilikosa mitambo ya usalama. Gazeti la Kenya likitaka kufanya kazi ya namna hiyo halihitaji kusubiri ajali mpya. Linaweza kuanzia Ngai Ndethya, kwa kutafuta jina moja baada ya jingine, mpaka ijulikane kama ni 114 au ni 140 na ushei.