Chemsha Bongo ya Hisani

Katika jiji la St. Louis, Marekani, miezi ya baridi huwa na chemsha bongo nyingi za hisani. Marafiki 8 au 10 hulipia meza katika ukumbi wa kanisa au shule, huja na vyakula vyao, simu huwekwa kando, maswali huanza: mara nyingi raundi 10, kila raundi maswali 10. Fedha huenda kwenye ada za shule, matibabu au timu ya watoto.

Huuzwa hata stika: swali likikushinda, unabandika, unahesabiwa umepata. Yaani hata usilolijua linachangia!

Mezani hapo, bingwa wa miji mikuu hukwama kwenye swali la muziki, akaokolewa na yule aliyekuwa kimya tangu mwanzo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Leo, kabla hujamwona mwenzako hana mchango, muulize. Huenda jibu unalolihangaikia analo yeye. Na penye shida ya jirani, usingoje utajiri. Waite marafiki, mcheke, mtoe.