Nyota za Mbali na Mizani ya Haki



Suala hili ni la zamani katika elimu ya tabia: mwanadamu aweza vipi kumpima mwenzake kwa haki, na hali hamjui ila kwa kile kidogo kinachomfikia machoni na masikioni? Wengi wetu twadhani kwamba aliyeona ameona, na yamekwisha. Lakini wachunguzi wa mbingu wamejifunza kwa taabu kubwa kwamba kuona si kupima. Natuitazame njia waliyopita, kisha tujiulize wenyewe.

Usiku usio na mbalamwezi, katika Disemba au Januari, mvua ikinyamaza, mtu akisimama nje ya mji wa Shinyanga na kuelekea kusini, ataona mbinguni, si juu sana, vipande viwili vyeupe kama moshi. Si mawingu ya mvua, kwani hayachukuliwi na upepo. Ni galaksi mbili ndogo, majirani wa hii yetu, nazo huitwa Mawingu ya Magellan. Wewe uliyeko Mombasa waweza kuyaona kwa kimo kile kile takriban, kwa kuwa Mombasa na Shinyanga ziko karibu sawa kusini ya Ikweta. Lile Wingu Kubwa liko mbali nasi kiasi cha miaka 160,000 ya mwendo wa nuru. Ndani yake mna makundi ya nyota, mfano wa Kilimia chetu, ila mengine yana maelfu kwa maelfu ya nyota. Na katika makundi hayo zimo nyota zinazopumua.

Nyota ya namna hii hufura na kunywea, hung'aa na kufifia, kwa muda wake maalumu: moja siku 3, nyengine siku 10, nyengine mwezi na zaidi. Sababu yake yajulikana. Ndani yake mna tabaka la gesi ya heliamu. Nyota inaponywea, tabaka hilo hubanwa likazuia joto lisitoke. Joto likijaa huisukuma nyota ikafura. Ikishafura, tabaka hupoa na kuachilia joto lipite, na nyota hunywea tena. Katika kundi moja la Wingu Kubwa, lililopewa nambari NGC 1866, zimehesabiwa zaidi ya nyota 20 za jinsi hii.

Sasa iko wapi taabu tuliyoitaja? Taabu ni kwamba nyota haisemi iko umbali gani. Ukiwa ufukweni usiku, koroboi iliyo mkononi mwako yakupa nuru zaidi kuliko karabai iliyo ng'ambo ya pili ya bahari. Mjinga atasema koroboi ina nguvu kuliko karabai. Hajakosea alichokiona, bali amekosea hukumu, kwa sababu ameuhesabu ujirani kuwa ni ubora.

Aliyeifungua fundo hii ni mwanamke wa Kimarekani, Henrietta Leavitt, aliyekuwa na masikio mazito, akifanya kazi kwa ujira mdogo katika chuo cha Harvard. Kazi yake ilikuwa kukagua picha za mbingu zilizopigwa nchini Peru. Mwaka 1912 ilitolewa habari ya nyota 25 alizozichunguza katika Wingu Dogo. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Nyota hizi zote zimo katika wingu moja, basi umbali wao na sisi ni sawa takriban. Kwa hivyo inayoonekana kali ni kali kweli kuliko wenzake, na iliyo hafifu ni hafifu kweli. Hapana iliyopendelewa kwa kuwa karibu. Alipoziweka zote katika daraja moja, kanuni ikajitokeza: kadiri pumzi ya nyota inavyokuwa ndefu, ndivyo nuru yake ya asli inavyokuwa kubwa.

Tangu hapo, ukiujua muda wa pumzi waijua nuru ya kweli, na ukiilinganisha na ile ionekanayo waupata umbali. Kwa kanuni hiyo Edwin Hubble, alipoiona nyota ipumuayo mwaka 1923 ndani ya kile kidoa ambacho mwanachuoni wetu Abdulrahman as-Sufi alikiandika mwaka 964 kuwa ni wingu dogo, aliweza kuonyesha kwamba ni galaksi nyengine, nje kabisa ya Njia Nyeupe yetu.

Msomaji mpenzi, natushuke sasa duniani. Huko huko Shinyanga, na Geita na Mwanza, kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Ushahidi ulikuwa nini? Macho mekundu. Mama aliyepika miaka 50 ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba, macho yake hayawezi kubaki meupe. Miti ilikuwa imekwisha, hata Serikali ikaanzisha mwaka 1986 mradi wa HASHI wa kurudisha misitu ya Shinyanga. Basi moshi ulikuwa ushahidi wa uchovu wa mama yule, watu wakaufanya ushahidi wa uchawi. Mpiga ramli alitaja jina, na panga likafuata. Geita mwaka 2019 lilifunguliwa soko la madini ili dhahabu ipimwe hadharani, pasiwe na wa kumpunja mchimbaji. Dhahabu imepata mizani ya hadharani. Bibi kizee alihukumiwa gizani.

Najua, ndugu yangu wa pwani, usomapo haya moyo wako wasema: "Hao ni watu wa bara." Hapo ndipo mizani yako ilipopinda. Shinyanga iko mbali nawe, na kwa umbali huo wema wao umefifia machoni pako, ukabaki ubaya wao tu. Hebu wapeleke Kilifi, uwaweke katika daraja moja. Kilifi ni pwani, ina minazi na misikiti, na huko pia wazee wameuawa kwa jina hilo hilo la uchawi. Shinyanga hoja ilikuwa macho mekundu, Kilifi ilikuwa mvi. Na mara nyingi nyuma ya mvi palikuwa na shamba la urithi. Ukiuondoa umbali, waona nini? Dhulma ni moja. Na je, mlangoni mwako hakupita mtu wa kuangaliziwa nyota, akarudi na jina la jirani aliyemfunga riziki? Jina hilo na lile la Shinyanga yametoka katika mkoba mmoja.

Katika Sura ya Ar-Rahman, Mwenyezi Mungu ametaja kuinuliwa kwa mbingu na kuwekwa kwa mizani mahali pamoja, kisha akatukataza kupunja. Katika Sura ya An-Nisaa ametuamrisha tusimamie uadilifu ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu, wazee wetu na jamaa zetu. Na katika Al-Hujurat ametuonya juu ya dhana.

Huenda ukauliza: Je, nimpende wa mbali sawa na mwanangu? La. Mapenzi yana haki ya kufuata ujirani, na jirani ana haki zake katika dini. Lakini hukumu haina ruhusa hiyo. Mpe mwanao chakula kabla ya mgeni. Usimpe ushahidi kabla ya mgeni.

Na ukisema kwamba mtu si nyota, kwani nyota haifichi kitu na mtu huficha, hilo ni kweli, na ndilo lituzidishie hadhari. Bibi Leavitt hakuihukumu nyota kwa picha moja. Alilinganisha picha za usiku mwingi, akangoja mpaka ing'ae na ififie na ing'ae tena. Ikiwa kitu kisicho na siri chataka subira yote hiyo, vipi sisi twamhukumu mja wa Mungu kwa rangi ya macho, kwa neno la mpita njia, au kwa kabila lake?

Usiku wa leo, kabla ya kulala, mchukue mtu mmoja uliyemhukumu kwa mbali na mmoja uliyemsamehe kwa ujirani. Waweke katika umbali mmoja, uwatazame upya. Ikiwa hukumu yako haikubadilika, mshukuru Mola wako. Ikiwa imebadilika, basi anza kesho kuirekebisha, kabla hujasimamishwa wewe mbele ya Mizani isiyopunja.

Wabillahi tawfiq.