NIMESAMEHE! JE, NG'OMBE WA MAMA ATALIPWA NA NANI?

Kijana mwenzangu, hebu nikuulize. Mtu akikugonga na gari, akakuvunja mguu, kisha akasema "nisamehe, yaishe", je, ukisamehe ndiyo deni limekufa? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, nikajuta.

Mwaka 2014 nilikuwa na miaka 22. Nilitoka Endasak na baiskeli, maharage nyuma kwenye keria, naenda kuuza Katesh. Pikapu moja ikataka kulipita basi, ikanifuata huku huku upande wangu. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka maharage yametapakaa kwenye lami, watoto wanaokota, na gurudumu la mbele limekunjika kama chapati. Muundi wangu ulikuwa umevunjika.

Dereva hakukimbia. Lakini jioni alikuja hospitali na soda 2 na shilingi 30,000. Akaniinamia sikioni: "Mdogo wangu, polisi wakija waambie umeanguka mwenyewe. Nina watoto." Mzee mmoja jirani yetu akaongeza: "Wewe si umeokoka? Samehe, yaishe." Nikakubali. Polisi walipoandika PF3 nikasema nimeanguka mwenyewe. Watu wakanisifu: oneni kijana mwenye moyo!

Mama akauza mtamba wake ili nitibiwe. Msimu ule sikulima.

Na ule moyo mzuri? Kumbe haukuwepo! Kila nikisikia pikapu inapita, nilimlaani yule bwana. Baridi ya Juni ikija na mguu ukiuma, nilimtakia na yeye avunjike. Hapo nikajua kwamba sikuwa nimesamehe. Nilikuwa nimeogopa wazee na polisi, nikaupa woga wangu jina zuri.

UONGO SIYO MSAMAHA

Rafiki, hapa yako madeni mawili, usiyachanganye.

Deni la kwanza lilikuwa moyoni mwangu, nalo ni chuki. Hilo dereva asingeweza kuniondolea hata angeleta zizi zima. Lazima niliachie mwenyewe, alipe asilipe.

Deni la pili lilikuwa kwake, nalo ni ng'ombe wa mama. Hilo mimi ningelifutaje? Ng'ombe hakuwa wangu! Nilijifanya mkarimu kwa mali ya mama yangu.

Soma Kutoka sura ya 21. Aliyemuumiza mwenzake anaagizwa kumlipa kwa siku alizolala bila kufanya kazi, na kumuuguza mpaka apone. Tena Zakayo alipotubu, aliahidi kuwarudishia mara 4 wale aliowadhulumu. Yesu hakumwambia, "Acha, yameshaisha."

Hata sheria ya nchi inasema hivyo hivyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva asimame, asaidie majeruhi, atoe taarifa polisi. Na gari lazima liwe na bima kwa ajili ya mtu wa tatu, yaani mimi na wewe wenye baiskeli. Mlango huo niliufunga kwa ulimi wangu mwenyewe.

Utasema, "Lakini dereva ana watoto." Ndiyo, muonee huruma. Mpe nafasi alipe kidogo kidogo. Ukitaka, muombee apunguziwe adhabu. Lakini huruma ije baada ya kweli. Ukificha kweli, unamrudisha barabarani hajajifunza kitu, na mbele yake yuko mtoto mwingine na baiskeli.

Mwaka uliofuata nilimwendea. Nikamwambia: "Kaka, nimekusamehe, sikuchukii tena. Lakini nilidanganya polisi, na nitakwenda kusema kweli. Na mama yangu anakudai mtamba." Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Na mimi tangu siku ile silali." Kituoni nilikwenda nikitetemeka, nikakemewa kwa uongo wangu, na ilikuwa haki yangu. Mtamba aliulipa kwa awamu 3. Mguu wangu haukunyooka, bado nachechemea. Ila pikapu ikipita sasa, nalala.

Kijana, umegongwa? Sema kweli, dai haki, toa chuki. Wewe wa bodaboda au gari, umegonga? Simama! Usipeleke soda kununua ulimi wa majeruhi. Na kama liko jambo ulilozika kwa uongo na ukaliita msamaha, usingoje kesho. Nenda leo kwa mwenzako, mkaseme kweli.